Rekodi ya kosa dogo Minnesota: kabla haijafungwa, hakikisha makaratasi unayo mkononi

Mkalimani_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Huku Brooklyn Park na Brooklyn Center swali hili halikauki. Mtu alichomoa kitu dukani enzi zile akiwa mgeni, au aligombana na jirani polisi wakaitwa. Akalipa faini, akamaliza uangalizi wa mahakama, maisha yakaendelea. Leo akitafuta nyumba ya kupanga anaambiwa rekodi yake ina doa. Akiomba kazi ya kutunza wazee, mambo ni yale yale. Kisha anasikia jimbo siku hizi linafuta makosa madogo lenyewe, anashusha pumzi, na anamwambia mwenzake: "Sasa hata fomu ya uraia nitajibu hapana."

Kwenye hiyo "hapana" ndipo watu wanapoangukia. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, si wakili, na ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya wakili. Ila nimekaa katikati ya mahakimu na ndugu zetu kiasi cha kujua wapi watu huchanganya mambo.

Sheria watu wanayoisema ni ya 2023, iliyoanza kazi Januari 1, 2025. Inaitwa Clean Slate. Ofisi ya upelelezi ya jimbo, BCA, inapitia kumbukumbu zake na kufunga kesi zinazostahili bila wewe kuomba wala kulipa. Kwa kosa dogo, yaani lile ambalo adhabu yake ya juu ni siku 90 jela na faini ya dola 1,000, unatakiwa uwe umemaliza adhabu na kukaa miaka 2 bila kutiwa hatiani tena. Kuna makosa yasiyoingia humo: kuendesha gari umelewa, kumpiga mtu wa nyumbani kwako, kukiuka amri ya kutomkaribia mtu, na mengine ya aina hiyo. Mwenye makosa hayo anabaki na njia ya zamani, ya kupeleka ombi kwa hakimu.

Njia yoyote utakayopita, faili halichomwi moto. Linaondolewa machoni pa watu. Mwenye nyumba akitafuta kwenye mtandao wa mahakama halioni, mwajiri wa kawaida haoni. Polisi akichunguza kosa jingine analifungua. Mwendesha mashtaka na hakimu wa kesi nyingine pia.

Na Uhamiaji je? Huko ni serikali ya shirikisho, wala hawafuati jimbo limeamua nini. Tangu 1996 sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake yenyewe ya kutiwa hatiani: ukikiri kosa, au ukikiri mambo yanayotosha kuthibitisha kosa, na hakimu akakupa adhabu yoyote au kizuizi chochote, basi umetiwa hatiani. Mwaka 1999 baraza la rufaa za uhamiaji liliamua, katika shauri la Roldan, kwamba jimbo likikufutia kesi kwa sababu umejirekebisha, kwao bado ipo. Kwa hiyo mwenye grinikadi anaweza kuwa msafi mbele ya kila mwenye nyumba wa kaunti yetu ya Hennepin, na bado ofisa wa USCIS, idara ya shirikisho ya uraia na uhamiaji, akamuuliza kuhusu ile suruali aliyoichomoa dukani 2013.

Nisichosema: sisemi usifunge. Funga. Nasema upange hatua. Kwanza chukua mahakamani nakala zenye muhuri: hati ya mashtaka, hukumu, na ushahidi kwamba faini ililipwa na uangalizi uliisha. Pili, kama huna uraia, kaa na wakili wa uhamiaji hata saa moja tu. Kufunga rekodi kuje baada ya hapo. Faili likishafungwa bado unaweza kuomba nakala zako mwenyewe, ila karani hawezi tena kukuchapia dirishani kama faili la kawaida, na ofisa wa uraia anakutaka ulete karatasi, si maelezo.

Karibuni.

---

Bibi_Theluji

Asante sana kaka. Swali la haraka. Mimi hakimu aliniambia nikikaa mwaka mmoja bila matatizo hakuna hatia itakayoandikwa, na kweli kesi ikafutwa. Hiyo nayo Uhamiaji wanaihesabu?

---

Mkalimani_Kaskazini

Dada, hapo kuna milango miwili inayofanana kwa nje.

Wa kwanza: ulisimama mbele ya hakimu, ukasema "nakiri kosa", akauliza maswali ukaeleza ulichofanya, kisha akasema haandiki hatia, anakupa masharti. Ukiyatimiza, kesi inafutwa. Kwa jimbo huna hatia. Kwa Uhamiaji unayo, kwa sababu ulikiri na ukawekewa masharti.

Wa pili: wewe na mwendesha mashtaka mlikubaliana kesi isimamishwe kwa muda, hukukiri chochote, ukakaa vizuri, ikafutwa. Hiyo kwa kawaida Uhamiaji hawaihesabu kuwa hatia. Lakini kukamatwa kulitokea, na wakiuliza kama uliwahi kukamatwa au kupewa hati ya kosa, jibu ni ndiyo.

Tofauti hiyo utaiona kwenye kumbukumbu ya siku ile mahakamani. Usitegemee unachokumbuka. Siku ile watu wanatetemeka, wanasema ndiyo kwa kila kitu ili waende nyumbani. Ninawaona.

---

DerevaWaUsiku

Mkalimani unatutisha bure. Jamaa yangu alifungiwa rekodi, akajibu hapana, akaapishwa uraia bila shida yoyote. Wakili ndiye aliyemwambia. Sheria imesema imefutwa, sasa iweje nijisemee mwenyewe?

---

Mkalimani_Kaskazini

Mkuu, jamaa yako sina ugomvi naye. Ila fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa, kuzuiliwa, na maelekezo yake yanasema wazi ueleze hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa. Halafu unaitwa kutoa alama za vidole, na alama hizo zinakwenda FBI. Ulipokamatwa ulichukuliwa vidole pia, si ndiyo? Unadhani amri ya hakimu wa kaunti inafika huko na kufuta kila kitu?

Kosa lenyewe mara nyingi lisingekunyima uraia. Kuiba dukani mara moja, miaka kumi na zaidi iliyopita, ofisa anaangalia, anasoma hukumu, anauliza maswali mawili matatu na kuendelea. Wanachopima hasa ni tabia njema ya miaka 5 ya mwisho kabla ya kuomba, au 3 kama unaomba kupitia mwenzi ambaye ni raia. Wanaweza kutazama nyuma zaidi, lakini uzito unapungua. Ukidanganya ukiwa umeapa, unakuwa umeleta tatizo jipya lenye tarehe ya leo. Ofisa anaweza kukunyima kwa uongo huo huo, achilia mbali kosa.

Na kuapishwa si mwisho. Uraia unaweza kunyang'anywa ukibainika ulipatikana kwa udanganyifu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Maslenjak, ilisema uongo ambao usingeathiri uamuzi wa uraia hautoshi kumpokonya mtu uraia kwenye mashtaka ya jinai. Hiyo ni nafuu, lakini mimi nisingependa kuwa mtu wa kupima nafuu hiyo mahakamani kwa pesa zangu.

---

DerevaWaUsiku

Sawa, nimekuelewa. Nitamfikishia.

---

Mjukuu_wa_Chifu

Mimi langu ni bangi. Gramu chache, 2016, nililipa faini tu. Jimbo limehalalisha toka Agosti 2023 na nasikia hizo rekodi zimefungwa zote zenyewe. Nina grinikadi. Nataka kwenda Kisumu kumzika mjomba. Kuna shida?

---

Mkalimani_Kaskazini

Pole kwa msiba.

USIPANDE NDEGE kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Sheria ya shirikisho bado inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya. Jimbo kuihalalisha, na jimbo kufunga rekodi, havibadilishi hatia ya zamani machoni pao. Sheria ya kumfukuza mtu nchini ina msamaha kwa kosa moja la kupatikana na gramu 30 au pungufu kwa matumizi yako mwenyewe. Kwa hiyo ukikaa ndani unaweza kuwa salama kabisa. Ila sheria ya kuingia nchini haina msamaha kama huo. Ukitoka, ukarudi, ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo zile gramu zinakuwa ukuta. Mtu aliyeishi huku miaka kwa amani anakwamia uwanjani akitoka mazikoni.

Upande mwingine, angalia kama ile karatasi ya 2016 ilikuwa kosa la jinai au ni lile daraja la chini kabisa la faini tu, ambalo Minnesota yenyewe hailiiti jinai. Kupatikana na bangi kidogo mara nyingi kuliangukia daraja hilo. Kama hilo linakuokoa au halikuokoi kwa Uhamiaji ni kazi ya wakili kukuambia, akiwa na karatasi mkononi. Unaona kwa nini nang'ang'ania nakala zenye muhuri?

---

Mjukuu_wa_Chifu

Nimeshtuka. Tikiti nilishakata. Kesho asubuhi natafuta wakili.

---

Bibi_Theluji

Mjukuu, nikutumie namba ya kituo kinachotoa msaada wa bure, angalia ujumbe wa faragha.

---

MamaKapu

Mimi nina swali la kazi, si la uhamiaji, nimeshakuwa raia. Niliiba dukani 2021, chini ya dola 500, kosa dogo. Nililipa, uangalizi ukaisha 2022. Mtandao wa mahakama sasa hivi hauonyeshi kitu, nadhani imejifunga yenyewe. Nikaomba kazi kwenye nyumba moja ya kutunza wagonjwa wa akili, nikachukuliwa vidole, barua ikaja: sistahili. Mimi nikauliza, hawa wameiona wapi?

---

Mkalimani_Kaskazini

MamaKapu, umeuliza jambo ambalo naliona linawaumiza Wakenya wa huku kuliko jingine lolote, maana nusu yetu tunaishi kwa kazi hizo.

Uchunguzi wa kazi za kutunza watu unapitia idara ya huduma za jamii ya jimbo, DHS, na wao wana sheria yao. Hatia ya wizi wa daraja dogo inakuzuia miaka 7, na hesabu inaanza ulipomaliza adhabu, si siku uliyokamatwa. Kwako wewe ni hadi 2029. Daraja la kati ni miaka 10, kosa kubwa ni 15, na kuna makosa yasiyoisha maishani.

Sasa kwa nini wameiona? Kwa sababu sheria inawaruhusu kufungua rekodi iliyofungwa, isipokuwa kama walipelekewa rasmi ombi lako la kufunga na hakimu akawataja wao katika amri yake. Rekodi iliyojifunga yenyewe haina ombi, hakuna aliyewapelekea kitu, kwa hiyo kwao mlango uko wazi. Huo ndio udhaifu wa hii njia ya bure.

Una mambo mawili ya kufanya, na unaweza kuyafanya pamoja.

Barua uliyopata ina siku za kuomba wakufikirie upya. Zihesabu leo. Kwenye maombi hayo usibishane kuhusu hatia, eleza kwamba huhatarishi mtu unayemtunza: muda uliopita, mafunzo uliyosoma, barua za wasimamizi wako, nini kilikuwa kinaendelea maishani wakati ule. Wakikubali, unafanya kazi hata kama hatia ipo.

La pili ni kupeleka ombi kamili mahakamani, ukiitaja DHS kati ya wale wanaopelekewa.

---

MamaKapu

Hilo ombi ni bei gani? Mwanasheria mmoja alinitajia pesa nikakata simu.

---

Mkalimani_Kaskazini

Fomu ziko kwenye tovuti ya mahakama za jimbo, za bure. Ada ya kufungua faili inakaribia dola 300, lakini mwenye kipato kidogo anaomba asamehewe na wengi husamehewa.

Jaza ombi kwa ukamilifu kupita kiasi. Linataka kila kesi uliyowahi kuwa nayo, ndani na nje ya jimbo, na sababu za kwa nini unataka ifungwe. Usiandike "ili nipate maisha bora". Andika: nilinyimwa kazi hii, tarehe hii, barua hii hapa. Kisha nakala inapelekwa kwa kila ofisi yenye rekodi yako: mwendesha mashtaka, polisi waliokukamata, sherifu, BCA, waliokusimamia kwenye uangalizi, na kwako wewe DHS. Unaweza kupeleka kwa posta, na mtu aliyeposta anajaza fomu ya kuthibitisha. Ofisi uliyoisahau haibanwi na amri. Watu wanasahau polisi wa mji mdogo waliowakamata, wanakumbuka kaunti tu.

Hakimu hasikilizi kabla ya siku 60 kupita tangu mlipowapelekea. Kuna vigezo 12 anavyopima: uzito wa kosa, muda uliopita, kazi yako, umejirekebisha vipi, mwathirika anasemaje, na kadhalika. Akikubali, amri inasubiri siku 60 nyingine ili anayetaka kukata rufaa akate. Kwa hiyo hii si kazi ya wiki mbili. Ukiambiwa na mtu "nitakufungia mwezi huu, lete dola elfu mbili", mwache.

Njia fupi ipo: mwendesha mashtaka akikubali mwenyewe, ombi linakwenda bila ada na mara nyingi bila kusikilizwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo ana mpango wa kusaidia hilo, unajaza mtandaoni bure. Ila uliza kwanza kama amri ya njia hiyo itaibana DHS katika kesi yako. Usifurahie bure ukakuta umerudi pale pale.

---

Pwani_Yangu

Na zile kampuni binafsi za kuchunguza wapangaji? Mimi yangu ilifungwa na amri ninayo, lakini kampuni moja inaendelea kuionyesha kama jana.

---

Mkalimani_Kaskazini

Wao walinunua data kabla haijafungwa na hawajasafisha ghala lao. Sheria ya shirikisho ya 1970 kuhusu taarifa za watumiaji inakupa haki ya kupinga. Omba nakala ya ripoti, wapelekee amri ya hakimu kwa maandishi, na wana siku 30 za kuchunguza na kurekebisha. Weka risiti ya posta. Mwenye nyumba akikukatalia kwa ajili ya ripoti, analazimika kukuambia ni kampuni gani ilimpa. Wengi hawasemi mpaka uulize.

---

Kaka_wa_Dallas

Huku Texas tufanyeje? Au ni kitu kimoja?

---

Mkalimani_Kaskazini

Si kitu kimoja, kila jimbo na lake. Texas kufutwa kabisa ni hasa kwa aliyeshinda kesi au kesi yake ikafutwa bila uangalizi. Aliyekiri na kumaliza, mara nyingi anaomba amri ya kutotangaza rekodi, ambayo inafanana zaidi na huku kwetu. Upande wa uhamiaji niliyoandika juu yanabaki vile vile, maana ule ni wa shirikisho. Zaidi ya hapo nisikudanganye, tafuta mtu wa huko.

---

Kisima_cha_Kale

Mnahangaika sana huko. Nairobi hapa kijana akikamatwa kwa ulevi akakiri ili atoke Jumatatu, anaenda kuomba kazi anaambiwa alete cheti cha maadili mema cha DCI, polisi wa upelelezi, na vidole vinasema. Kifungu 133 cha katiba kinasema Rais anaweza kukusamehe kupitia kamati ya ushauri. Rais, kwa chupa mbili za pombe! Afadhali hakimu akuachilie bila adhabu chini ya kifungu 35 cha Kanuni ya Adhabu siku ile ile, lakini nani anajua kuomba hilo akiwa kizimbani na kichwa kinamuuma?

---

Bibi_Theluji

😂😂 Kichwa kinamuuma. Lakini mzee umesema kweli.

---

Mkalimani_Kaskazini

Mzee Kisima, kwa msamaha hata huku una nafasi yake. Kwa asiye raia, msamaha kamili wa jimbo unaweza kufanya ambacho kufunga rekodi hakufanyi: sheria ya uhamiaji inautambua kwa makosa ya aina ya wizi na udanganyifu pale mtu anapokabiliwa na kufukuzwa nchini. Kwa dawa za kulevya hautambuliki. Minnesota msamaha unatoka kwa bodi ya watu watatu: gavana, mwanasheria mkuu na jaji mkuu. Zamani wote watatu walitakiwa wakubaliane. Mageuzi ya 2023 yaliondoa hilo, sasa gavana na mmoja wao wanatosha. Kwa mwenye makosa mawili ya wizi na grinikadi, jambo hili ni la kumuuliza wakili mapema, kwa sababu mawili yasiyotokana na tukio moja yanaweza kumfukuzisha mtu hata kama kila moja ni dogo.

Njia nyingine ni kuomba hatia yenyewe ivunjwe kwa kasoro ya kisheria, mfano wakili wako hakukuambia kukiri kungekuharibia ukaaji. Tangu kesi ya Padilla, Machi 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kukuambia hilo. Hatia ikivunjwa kwa sababu kama hiyo, Uhamiaji kwa kawaida wanakubali. Lakini 2013 Mahakama Kuu ilisema Padilla hairudi nyuma kwa kesi zilizokwisha kabla yake, na Minnesota ina ukomo wa miaka 2 wa kuleta ombi la namna hiyo, wenye mianya michache. Wengi wanaokuja kuniuliza wameshachelewa.

---

MamaKapu

Kaka, la mwisho. Siku ya kusikilizwa Kiingereza changu kikinikimbia mbele ya hakimu? Nikiwa na hofu nasahau hata jina la mtoto.

---

Mkalimani_Kaskazini

Mkalimani ni haki yako na hulipi. Omba mapema, unapopeleka ombi au kwa kumpigia karani, wala usiende na binti yako akutafsirie. Na kwenye nafasi ya lugha andika KISWAHILI kwa herufi zinazosomeka. Huku wakiona tu jina la Kiafrika huwa wanaita mkalimani wa Kisomali, halafu kesi inaahirishwa na wewe unarudi zamu ya usiku bila kitu.